Mama wa Kwenye Insha

Jumatatu saa moja kasorobo asubuhi, mkunga alikuwa akimpima uzito mtoto wa tatu wa zamu yake, kilo mbili na gramu mia tisa, matroni alipoingia wodi ya wazazi na karatasi mkononi na pini nne mdomoni. Aliibandika karatasi ile juu ya sinki, mahali ambapo kila mtu hana budi kusimama akinawa mikono. Ilikuwa orodha ya waliofeli mtihani wa Kiingereza mara mbili. Orodha yenyewe ilikuwa na jina moja.

Mkunga alimviringisha mtoto katika shuka, akamrudisha kwa mama yake, akanawa mikono, akasoma. Matroni alimweleza, bila ubaya wowote, kwamba bado ana nafasi moja. Akifeli ya tatu atahamishiwa chumba cha kufulia mashuka, na huko, kwa bahati nzuri, hakuna mtihani. Mkunga alikuwa na miaka arobaini na sita, na ishirini na tatu kati ya hiyo ameimalizia katika wodi ile. Alimshukuru matroni, akaenda kumtazama mwanamke wa kitanda cha tano ambaye chupa yake ya uzazi ilikuwa imepasuka.

Kanuni ilikuwa imekuja mwaka juzi kwa barua. Kila anayemgusa mgonjwa afanye mtihani wa sehemu tatu: kusoma kifungu na kujibu maswali, sarufi, na kuandika insha. Katika miaka yake yote mkunga hakuwahi kumwona mwanamke akizaa kwa Kiingereza. Walitukana, waliomba, waliapa kwamba hawarudii tena, na wote walifanya hivyo kwa lugha waliyonyonya. Lakini barua ilikuwa na mhuri, na mhuri hauna masikio.

Muuguzi kijana wa zamu ileile alikuwa amefaulu mwezi uliopita. Mama yake alikufa Jumatano saa nane mchana, kama ilivyotarajiwa, na Ijumaa akaletewa cheti. Kila aliyempita koridoni alimwambia kwa pumzi moja, "Pole na hongera," naye akajibu, "Nimeshapoa, asante." Ndiye aliyemwelekeza mkunga kwa Ticha.

Ticha alifundishia chumba cha juu ya duka la magodoro. Wanafunzi walikaa kwenye mabenchi, watu wazima watupu: wauguzi, makarani, dereva wa gari la wagonjwa, mfagizi wa maabara, mtu wa mapokezi, magoti yao yakigusana chini ya meza za watoto. Ticha alikuwa mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Siku ya kwanza aliwaambia kwamba kusoma na sarufi atawafundisha, na watajifunza kila mtu kiasi alichojaliwa. Insha hawatajifunza. Insha watameza.

Ilikuwa insha moja tu. Swali halikuwahi kubadilika, eleza siku ambayo hutaisahau maishani, na Ticha alikuwa na jibu lake, maneno mia mbili na hamsini. Ilikuwa Jumatano na mvua ilikuwa ikinyesha. Mama, mwanamke mrefu, mwembamba na mpole, aliyezoea kupiga piano kila jioni, alilala kitandani kwenye shuka nyeupe. Daktari alivua miwani akasema kwamba anasikitika, wamefanya yote waliyoweza. Mama akafumbua macho akamwambia mwanawe ajitahidi masomoni, ampe sababu ya kujivuna. Kisha akayafumba. Mwana akalia kwa uchungu mpaka jua likazama. Mwisho.

Ticha aliitunga mwenyewe akiwa na miaka kumi na tisa, kwa kuokota sentensi kutoka vitabu vitatu vya shule. Wakati huo mama yake alikuwa mzima wa afya, akichambua mchele. Alipata alama kumi na tisa kwa ishirini, na Jumatano iliyofuata akamzika.

"Insha hii inaua," aliwaambia, kwa sauti ya mtu anayetaja saa ya mapumziko. "Mwenye mama aliye hai aamue mapema. Sitaki mtu aje kunililia hapa, chumba chenyewe kidogo."

Mfagizi wa maabara aliuliza kwa nini wasipate ishirini kabisa, kama wanatoa na mtu juu yake. Ticha alisema ishirini ni ya wenye lugha yao.

Wahenga walisema yatima hadeki, lakini katika darasa lile yatima alideka. Waliofiwa na mama zamani walikaa benchi la mbele wamekunja nne, na wenzao waliwatazama kwa wivu. "Nyie mna bahati, hamna mama," dereva aliwaambia. Hata hao hawakusamehewa moja kwa moja. Mama wa mfagizi, aliyekufa mfagizi akiwa na miaka saba, alirudi Jumatano ya matokeo ya mtihani uliopita, ambao mfagizi alifelishwa na sarufi, akaingia bila kubisha hodi, akalala kitandani, akafa tena kama ilivyoandikwa. Mfagizi alisema ilikuwa nusu saa tu, na kwamba mama mwenyewe hakuwa yeye hasa, lakini mwenye njaa hachagui.

Kulikuwa na waliojaribu kukwepa. Karani mmoja alimweka shangazi mahali pa mama, akapata alama saba. Mwingine aliandika kuhusu harusi yake, akapata tano. Ticha alieleza kwamba wasahihishaji hukaa ukumbi mmoja na kila mmoja ana rundo la karatasi linalomfika kidevuni. Insha wanayoijua huipa kumi na tisa bila kuinua macho. Insha wasiyoijua huwabidi waisome, na kila wanachokisoma hukikata.

Mkunga alilijua hilo kuliko wote. Mara ya kwanza alikuwa ameandika kuhusu siku umeme ulipokatika akazalisha mapacha kwa mwanga wa dirisha. Alipewa nne, na maelezo kwa wino mwekundu kwamba kisa hakiaminiki. Mara ya pili alimwandika mama yake.

Mama yake alikuwa mfupi, mnene, mweusi tii, na kicheko chake kilitangulia mlangoni kabla yake. Alizalisha wanawake miaka arobaini bila cheti cha aina yoyote. Ndiye aliyemfundisha binti yake kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni, taratibu, kwa kiganja, kama mtu anayegeuza mto chini ya kichwa cha aliyelala. Sasa alikuwa na miaka sabini na minane, magoti yamemgomea, naye aliishi na binti yake katika vyumba viwili vya ghorofa ya pili. Insha iliyomhusu ilipata sita.

Wiki mbili kabla ya mtihani, kaka yake mkunga aliitwa. Alikuwa fundi rangi, na alikuja na kucha zenye chokaa, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka kukichafua. Mkunga alimweleza yote. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, akakuna chokaa kidogo kwenye kidole gumba.

"Mama ni wetu sote wawili," alisema. "Cheti ni chako peke yako."

Mkunga alisema hajakubali bado. Alisema ataandika ukweli tena, labda safari hii atamwangukia msahihishaji mwenye huruma.

"Mimi si kiwanja mkanigawana," mama alisema kutoka kitandani. "Niulizeni mwenyewe. Uliponiandika vile nilivyo, ulipata ngapi?"

"Sita, mama."

"Na nikifa?"

"Kumi na tisa."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema maisha yake yote hajawahi kusikia amethaminiwa hivyo. Ana miaka sabini na minane, kufa atakufa tu, na atakufa bure kama watu wote. Kama kuna mahali kifo chake kina alama kumi na tisa, basi binti yake azichukue. Kaka aliuliza, kwa hasira iliyokuwa ikielekea kwisha, huyo mpiga piano ni nani, maana mama hata filimbi hajawahi kuipuliza. Mama akasema atajifunzia hukohuko. Wakacheka wote watatu, kisha mama akaomba maji.

Kaka alipokuwa akiondoka, mama alimshika binti yake kifundo cha mkono, akakigeuza kiganja juu kama anayekikagua.

"Mikono hii nimeifundisha mimi," alisema. "Nikiongeza miaka mitatu ya kuishi, nayo inafua mashuka, miaka hiyo nitaila na nini?"

Mtihani ulifanyika kwenye ukumbi wenye madawati mia mbili na saa moja kubwa ukutani. Kifungu cha kusoma kilihusu familia iliyokwenda mlimani kuteleza kwenye theluji ikasahau glavu nyumbani. Maswali yalitaka kujua ni nani alisahau glavu, kwa nini watoto walicheka, na neno gani katika aya ya tatu lina maana ya baridi kali. Mkunga hakuwahi kuiona theluji isipokuwa ile inayoganda ndani ya friji ya chanjo, lakini alijibu. Sarufi ilikuwa na nafasi arobaini za kujaza, akazijaza moja moja kama anayeshona.

Kisha ikaja insha. Zilikuwa zimebaki dakika arobaini. Mkunga aliandika, kwa Kiingereza, kwamba mama yake ni mwanamke mfupi. Akaitazama sentensi hiyo. Ilikuwa sahihi na ilikuwa kweli, na aliziona zile alama sita zimekaa pembeni yake zinangoja.

Alimkumbuka muuguzi kijana. Wiki iliyopita binti huyo alikuwa amemkimbilia chumba cha chai kwa sababu mtoto wa kitanda cha pili alikuwa ametanguliza matako. Binti wa watu alisimama pembeni ya kitanda, mikono ameificha nyuma, na cheti chake kimo kwenye faili. Hakufundishwa. Alifundishwa insha.

Mkunga alikata sentensi yake kwa mstari mmoja, akaandika kwamba ilikuwa Jumatano na mvua ilikuwa ikinyesha. Baada ya hapo hakuinua kalamu. Ukumbi mzima ulikuwa ukiandika hivyohivyo. Kalamu mia mbili zilitua pamoja kwenye nukta, zikainuka pamoja, na watu walipofika kwenye piano karatasi mia mbili ziligeuzwa kwa mara moja, kwa sauti kama ya ndege wakubwa wanaoruka. Msimamizi alikuwa akipiga miayo.

Wiki tano hazikuwa na jipya. Jumamosi ya wiki ya sita, saa nne asubuhi, msahihishaji mmoja mahali fulani aliifikia karatasi ya mkunga. Mama alikuwa mezani akimenya vitunguu, na mkono wake ukarefuka. Ukafuata wa pili. Alipoinuka, gauni lake liliishia magotini, na magoti yenyewe hayakuwa na uvimbe.

"Haya," alisema, akijitazama. "Sasa nafika kabati la juu. Miaka yote nakuomba kiti."

Alishusha vitu vyote vya kabati la juu, akavifuta vumbi, akavirudisha. Jioni yake alikaa mezani akagonga ukingo wa meza kwa vidole vyake vipya. Jirani wa chini alipanda kusema kwamba piano ni nzuri, ila wapunguze sauti, ana mgonjwa. Hakukuwa na piano. Mkunga aliomba radhi.

Kufikia Jumapili mama alikuwa akiinama kupita mlangoni. Weusi wake ulikuwa umepauka, shingo imekuwa ndefu, na kile kicheko kilikuwa hakitangulii tena popote. Upole ulikuwa unamwingia kama baridi inavyoingia chini ya mlango. Alimwomba binti yake radhi kwa kila kitu: kwa kuomba chumvi, kwa kukohoa, kwa kukaa. Mkunga, ambaye katika miaka arobaini na sita hakuwahi kuombwa radhi na mama yake hata mara moja, alitoka akaenda kusimama kwenye ngazi.

Jumatatu alasiri, baada ya kazi, alimkuta ameketi kitandani, miguu imepita ukingo, na macho yake ni yaleyale ya zamani. Mama alimwita haraka, kwa sauti yake mwenyewe.

"Njoo ukae. Maneno yangu ya mwisho nayasema leo, maana siku yenyewe mdomo hautakuwa wangu."

Mkunga akakaa.

"Mtoto akitanguliza matako, usiharakishe. Mwache mama yake apumue kwanza, ndipo uweke mkono. Kaka yako ana maneno mengi, lakini hana roho mbaya, usimnunie. Sahani ya bluu ni ya jirani, mrudishie, na usimrudishie tupu." Alitazama huku na huku kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. "Na ukinililia, nililie kwa lugha yangu. Nijue ni mimi."

Mkunga alisema sawa, mama. Alitaka kumuuliza kama anamlaumu, lakini yale macho yalikuwa yameshageuka mapole, na yule mwanamke mrefu akamwomba radhi kwa kumsumbua.

Jumatano mvua ilianza saa saba na nusu, juu ya nyumba yao peke yake. Kaka alitembea barabara nzima kwenye jua, akalowa kwenye kizingiti. Shuka za kitanda zilikuwa za maua. Saa nane kasorobo zikawa nyeupe. Daktari alifika saa nane kamili. Mtaa ulikuwa unamfahamu, kwa kuwa ni yuleyule aliyekwenda kwa kila mtu, na jirani alimwekea kigoda na kikombe cha chai, lakini hakukaa wala hakunywa, kwani hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikunywa. Alivua miwani, akasema kwa Kiingereza kwamba anasikitika, wamefanya yote waliyoweza. Hakuwa amefanya chochote. Akaitia miwani mfukoni akashuka ngazi. Alikuwa na nyumba nyingine mbili mchana ule.

Mama alifumbua macho, akamwambia binti yake kwa Kiingereza safi ajitahidi masomoni, ampe sababu ya kujivuna. Mkunga alielewa kila neno. Katika kusoma alikuwa amepata kumi na saba.

Akafa. Na mkunga akalia kwa uchungu, kama ilivyoandikwa, kwa kwikwi zinazolingana, kitambaa cheupe ambacho si chake kikiwa mkononi. Kaka hakulia, kwa sababu hakuwemo kwenye insha. Alikaa kwenye ukingo wa kiti akiitazama miguu mirefu iliyotokeza mwisho wa kitanda.

"Huyu si mama," alisema.

Mkunga hakuweza kumjibu mpaka jua lilipozama, kwa kuwa kabla ya hapo alikuwa na kazi ya kulia. Jua lilipozama kilio kilikatika katikati ya kwikwi, na mvua ikakatika, na insha ikawa imekwisha.

"Najua," alisema.

Ndipo akasogea karibu na kitanda, akamwinamia yule mwanamke, akajaribu kumlilia mama yake kwa lugha ya mama yake. Alimtaja kwa ufupi wake, kwa unene wake, kwa kicheko, kwa vitunguu, kwa mikono. Kaka alisogea, akamsaidia pale alipokwama. Walifanya hivyo kwa muda mrefu. Uso wa kwenye mto ulikuwa mpole na haukuwa unamjua mtu aliyekuwa akitajwa.

Kesho yake kaka alikwenda kwa fundi seremala na kipimo cha mama cha zamani, alichokipima mwenyewe kwa kamba kabla ya mtihani, na kwa ubishi akataka jeneza la kipimo kile. Seremala aliitazama kamba, akaiviringisha, akamrudishia. Siku hizi alikuwa akitengeneza saizi moja tu, na alikuwa nayo tayari. Mazishini watu walikuja wengi, wanawake hasa, nusu yao wakiwa na watoto waliopokewa na marehemu. Walipita mmoja mmoja mbele ya yule mwanamke mrefu, wakamwaga machozi kwa adabu, kisha wakaenda kukaa kivulini, wakasimuliana habari za yule mfupi.

Jumatatu mkunga alirudi kazini. Matroni alimkabidhi cheti ndani ya bahasha ngumu, akamwambia pole na hongera, naye akajibu kwamba ameshapoa. Cheti kilikuwa cha miaka miwili. Mkunga aliuliza baada ya hapo inakuwaje, matroni akasema inakuwa mtihani tena, na kwamba amesikia Ticha ameshaanza kutafuta insha nyingine, kuhusu mtoto wa pekee. Alisema hivyo akitafuta kalamu mfukoni. Yeye mwenyewe alikuwa na mtoto mmoja.

Kitanda cha nne kulikuwa na mtoto aliyekaa vibaya. Muuguzi kijana alikuwa amesimama pembeni. Mkunga alimwita asogee, akamshika mkono, akauweka juu ya tumbo chini ya mkono wake mwenyewe. Wakangoja mpaka mwanamke akapumua. Kisha wakasukuma, taratibu, na mtoto akageuka. Alizaliwa saa tano na dakika kumi, wa kike, kilo tatu kasoro kidogo, anapiga kelele.

Kwa kuwa sasa alikuwa na cheti, mkunga aliruhusiwa kuandika ripoti ya uzazi mwenyewe. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili. Aliijaza yote bila kosa, akatia sahihi, akaiweka kabatini juu ya fomu nyingine, ambazo zilikuwa zimejaa mpaka mlango wa kabati haufungi na ambazo hakuna mtu aliyewahi kuja kuzisoma. Akausukuma mlango kwa goti. Kisha akanawa mikono, akaenda kitanda cha tatu, ambako mwanamke alikuwa ameanza kumwita mama yake.